Kukokota baiskeli Kwa Mutwe si aibu

Kuna watu huupima mlima kwa urefu wa barabara yake tu. Ukiwaambia kile kipande cha Kwa Mutwe jijini Kigali, kinachoitwa pia Ukuta wa Kigali, ni mita 400, wanacheka. Mita 400 si mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha? Sawa, ila uwanja wa riadha haujatandazwa mawe, wala haupandi mita 11 kwa kila mita 100.

Mimi naona huo ufupi ndio unaoponza watu. Mlima mrefu unauheshimu tangu chini. Huu unauona mwisho wake, basi unauvamia, na hujafika nusu mapaja yanawaka moto. Ukisimama kwenye pedali, tairi la nyuma linateleza juu ya mawe. Ukikaa nyuma sana, la mbele linanyanyuka. Inabidi usogee mbele ya siti, uinamie usukani, na gia nyepesi uwe umeshaiingiza kabla ya mwinuko, maana kubadilisha katikati huku mnyororo umekaza ni kuutafutia kukatika.

Kwenye gia ndipo penye hoja yangu. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, wanaume walipita hapo wakiwa wametoka kupanda Mlima Kigali. Katika mbio zile za kilomita 267.5 walimaliza 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akiwa wa kwanza. Baiskeli ya mashindano ikiwa kwenye gia nyepesi, ukizungusha pedali mara moja inasogea mita mbili na kidogo. Phoenix ya gia moja inasogea karibu mita tano. Hiyo huwezi kutambaa nayo mlimani: ama uende kasi, ama ushuke.

Kwa hiyo kijana anayekokota Phoenix yenye mikungu ya ndizi simwoni mvivu hata kidogo. Wa kulaumiwa ni sisi tunaouziana milimani baiskeli zilezile za tambarare. Fundi yeyote anaweza kukufungia gia ya nyuma yenye meno mengi zaidi, na mlima utapungua makali. Bondeni utapitwa na kila mtu, hilo nakubali.