Mkuki una macho, waya hauna

Mwaka 1902, huko Mississippi, Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliandaliwa dubu wa kuwinda: amechoshwa na mbwa, amefungwa mtini, mgeni wa heshima asirudi mikono mitupu. Akakataa kumpiga risasi. Chama cha Boone and Crockett, alichokianzisha na wenzake mwaka 1887, ndicho kilichoieneza kanuni ya uwindaji wa haki: mnyama awe huru porini, na mwindaji asijipe nguvu za kumzidi kupita kiasi. (Wanaoisimulia hadithi hii hupenda kuishia hapo. Dubu yule alimalizwa kwa kisu, kwa amri ya Roosevelt mwenyewe, ili asiteseke.)

Msimulie hayo mama anayeuza nyama ya pori hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, atacheka. Kanuni hiyo ilitungwa na watu walioingia msituni wameshiba. Kwa mwenye njaa, funo akiponyoka ni watoto kulala bila chakula. Na Batwa, wawindaji wenyeji wa msitu wa Kahuzi, waliofukuzwa humo miaka ya 1970 baada ya hifadhi kuundwa, wana haki ya kuuliza: mbona haki ya mnyama imejadiliwa kabla ya yao? Mjukuu anaitwa jangili kwa kumfuata mnyama ambaye babu yake alimfuata bila kujificha.

Hata hivyo, njaa haitetei kila kifaa. Mwenye mkuki na mbwa humwona mnyama kabla ya kumuua. Akiona jike lenye mimba, anaweza kuliacha. Tanzi la waya halioni. Limetegewa funo, linanasa mkono wa gorila mchanga; akivuta, linakaza, na kiganja kinaoza. Mwenye tanzi asiporudi siku mbili tatu, hata funo mwenyewe anaozea pale pale, hakuna aliyeshiba.

Kwa hiyo kipimo changu si kama mnyama alikuwa na nafasi ya kukimbia, bali kama mwindaji alikuwepo kuamua. Kwa kipimo hicho, tajiri mwenye bunduki ya darubini na Mtwa mwenye mkuki wako upande mmoja, ingawa sidhani kama yeyote kati yao atafurahia ujirani huo.

Kinachonisumbua ni kwamba marufuku ya hifadhini inamsukuma maskini kwenye kifaa kibaya kuliko vyote. Mbwa hubweka, bunduki husikika hadi ng'ambo ya bonde. Waya ndio usiomwita mlinzi.