Simu ya Mwanafunzi Ikikamatwa, Iandikwe na Irudishwe

Ufaransa ilipitisha sheria ya kukataza simu shuleni mwezi Agosti 2018, Uholanzi ikaziondoa madarasani Januari 2024, na Brazil ikafuata Januari 2025. Mzazi wa Tanzania anayesoma habari hizo huenda asione jipya, kwa sababu katika fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza, karibu na orodha ya ndoo, jembe, godoro na rimu ya karatasi, amezoea kukuta mstari unaosema kwamba mwanafunzi haruhusiwi kufika shuleni na simu. Kwetu katazo lilikuwapo zamani. Kinachonisumbua ni yale yanayofuata simu inapokamatwa.

Niseme mapema kwamba ninaliunga mkono katazo lenyewe. Mwaka 2015 Louis-Philippe Beland na Richard Murphy walichapisha utafiti kuhusu shule 91 za sekondari katika miji minne ya Uingereza, wakaona kwamba shule zilipokataza simu, matokeo ya mtihani wa wanafunzi wa miaka 16 yalipanda, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa nyuma kimasomo, wakati wale waliokuwa wakifanya vizuri hawakubadilika. Katika darasa lenye wanafunzi 70 au zaidi, ambamo mwalimu hana namna ya kupita kila dawati, sihitaji hoja nyingine. Ni kweli kwamba utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliochapishwa mwaka 2025 haukuona tofauti ya hali ya akili ya wanafunzi kati ya shule zinazobana simu na zisizobana, wala haukuona kwamba muda wao wa jumla kwenye simu kwa siku ulipungua. Kwangu hilo linaonyesha mpaka wa kanuni ya shule: inalinda kipindi cha hisabati, na haimlei mtoto anayekesha na simu sebuleni kwao.

Sasa tazama utekelezaji wetu. Msako hufanywa bwenini usiku au alfajiri, mabegi yanamwagwa, magodoro yanapinduliwa, na simu zinazopatikana hupelekwa ofisini kwa mwalimu wa nidhamu. Kuna shule ambako huvunjwa kwa nyundo au kuchomwa moto mbele ya wanafunzi waliokusanywa paredi, na kuna nyingine ambako hupotea tu, na mzazi akiuliza haambiwi ziko wapi. Mwenye simu huchapwa, na pengine husimamishwa masomo kwa wiki kadhaa, ili adhabu ya kupoteza umakini darasani iwe kuondolewa kabisa darasani.

Simu hiyo mara nyingi si mali ya mwanafunzi. Ameichukua kwa kaka au kwa mama, na hata kama alinunuliwa, laini imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa cha mtu mzima, ambaye huenda ana fedha zake humo na namba za wadeni wake. Anayeivunja anaharibu mali ya mtu ambaye hajavunja kanuni yoyote. Ajabu ni kwamba hata kiboko kina utaratibu ulioandikwa: kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, na viingizwe katika daftari. Simu yenye thamani ya mauzo ya magunia kadhaa ya mahindi haiandikwi popote.

Sheria ya Ufaransa, ambayo wengi huitaja kwa ukali wake, inaruhusu shule kuitaifisha simu kwa muda, lakini papo hapo inaitaka kanuni ya shule ieleze simu hiyo itarudishwaje. Pia inawaachia wanafunzi wenye ulemavu au maradhi yanayohitaji kifaa hicho, na inaruhusu matumizi ya kufundishia. Hayo ndiyo ya kuiga, kwa kuwa ukali tunao wa kutosha.

Liko pia suala la bweni, ambako siku ya shule haina kengele ya mwisho. Mtoto wa miaka 14 aliyeko mkoa mwingine anaumwa, au ada haijaisha na ameambiwa arudi nyumbani, au anataka tu kusikia sauti ya mama yake Jumapili. Asipokuwa na njia halali atamwendea mlinzi, mpishi au mwenye duka nje ya uzio, ambaye atamkodishia simu kwa bei anayoitaka, na kwa binti malipo hayo si lazima yawe ya fedha. Shule nyingi za bweni za Kenya ziliweka simu za kadi kwa ajili hiyo. Simu moja ya kitochi ofisini kwa matroni, yenye saa zake na daftari lake, ingepunguza sehemu kubwa ya simu zinazofichwa kwenye magodoro. (Walimu nao wangesaidia kwa kutojibu jumbe za makundi yao wakiwa mbele ya ubao.)

Kwa shule za kutwa ningependa utaratibu tofauti. Wapo wanaotoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza na kugombania daladala mbili, na mzazi anayewapa simu kwa ajili ya safari hiyo hafanyi uzembe. Simu izimwe na ikabidhiwe getini asubuhi, iandikwe jina, ichukuliwe masomo yakiisha. Atakayekutwa nayo darasani, mzazi wake aitwe, aoneshwe simu yake ikiwa nzima, atie saini ya kuipokea, na mwanafunzi aendelee na vipindi. Gharama yake ni sanduku lenye kufuli, daftari, na mwalimu wa zamu mwenye ufunguo, na bodi ya shule inaweza kuyapitisha yote hayo kabla muhula ujao haujaanza.