Mkimtuma Peke Yake Guangzhou, Mpeni na Mamlaka

Jina la kijana wa manunuzi likipitishwa kwenda China, kinachozungumzwa kwanza koridoni ni posho. "Umeula!" Wenzake wanaanza kuagiza simu na viatu, na mhasibu anamtazama kama mtu aliyepata mgao. Ofisi ikishaihesabu safari kuwa zawadi, hakuna anayejisumbua kuiandaa. Anayetumwa naye haulizi maswali mengi, asije akaonekana hana shukrani.

Tuangalie siku yake ya kawaida Dar es Salaam. Anapanda mwendokasi Kimara kabla jua halijachomoza, saa 2 asubuhi yuko mezani. Kazi yake ni kukusanya bei kutoka kwa wauzaji watatu, kuzilinganisha, kuandika maombi, kisha kuzunguka na karatasi akitafuta saini. Mchana anakula wali maharage kwa mama lishe huku anaongea na wakala wa forodha kuhusu kontena lililokwama bandarini. Wino wa printa hawezi kuununua bila saini tatu. Mtu huyohuyo ndiye anayepelekwa peke yake kwenye Maonesho ya Canton, yale makubwa ya biashara yanayofanyika Guangzhou, China, akachague kiwanda cha kuiuzia kampuni mzigo wa kontena zima.

Saini tatu zimebaki Dar, na zimelala. Guangzhou iko mbele kwa saa 5. Maonesho yanafunguliwa saa 3:30 asubuhi; wakati huo Dar ni saa 10:30 alfajiri. Ofisi ikifunguliwa saa 2 asubuhi, kwake ni saa 7 mchana na karibu nusu ya siku ya maonesho imekwisha. Milango inafungwa saa 12 jioni, na hapo Dar ndiyo kwanza saa 7 mchana: bosi ametoka kula, ana nguvu, anapiga simu kutaka taarifa. Jioni ya Dar, saa 11, kwa kijana ni saa 4 usiku. Ana siku mbili za kazi ndani ya moja, na ya pili haionekani kwenye fomu yoyote ya posho.

Dawa yake ni karatasi moja iliyosainiwa kabla hajaondoka. Iandike bidhaa na vipimo vyake, bei ya juu kabisa, kiasi cha chini na cha juu cha kuagiza, masharti ya malipo yanayokubalika, na mtu mmoja wa Dar mwenye ruhusa ya kuamshwa alfajiri. Mmoja tu, maana kundi la WhatsApp lenye wakubwa sita ni saini tatu zilezile, ila zimeongezeka. Karatasi iseme pia kitu asichoruhusiwa kufanya, na hapo mimi sina mjadala: asisaini mkataba wala asilipe malipo ya awali akiwa pale pale bandani. Kazi yake ni kurudi na wauzaji watatu waliochujwa. Benki itafanya yaliyobaki kutoka Dar.

Tarehe nazo huharibu safari mapema. Maonesho haya, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka na kila msimu una awamu tatu. Ya kwanza, tarehe 15 hadi 19 Aprili au Oktoba, ndiyo yenye mashine, umeme, taa na vifaa vya elektroniki. Ya pili ni ya tarehe 23 hadi 27: vyombo vya nyumbani, zawadi, vifaa vya ujenzi na samani. Nguo, viatu, vitu vya kuchezea na vifaa vya afya viko awamu ya tatu, inayoanza 1 Mei kwa msimu wa kwanza na 31 Oktoba kwa wa pili. Katikati ya awamu kuna siku tatu za kubadilisha mabanda ambazo hakuna cha kuona. Anayenunua taa akikatiwa tiketi ya kufika tarehe 22 atatembea kwenye kumbi za sufuria na makochi. Oktoba ina mtego mwingine: siku za kwanza za mwezi huo ni sikukuu ya taifa la China na viwanda huwa kimya, kwa hiyo barua za kuomba miadi zitumwe Septemba. Awamu ya tatu ya Mei nayo inaangukia Mei Mosi, na atakayetaka kutembelea kiwanda siku hizo atakuta geti limefungwa.

Kwa Mtanzania viza ni lazima, ile ya biashara, na inahitaji barua ya mwaliko. Akijisajili kwenye tovuti ya maonesho kama mnunuzi, mwaliko hupatikana humohumo bila kumlipa dalali. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi 6 ya uhai na kurasa tupu. Kama safari inapita nchi inayodai cheti cha homa ya manjano, chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla. Cheti chenyewe siku hizi ni cha maisha. Mwenye cha zamani kinachoonesha miaka 10 asikubali kuchomwa tena kwa sababu ya tarehe hiyo: tangu Julai 2016 kinahesabiwa cha maisha pia.

Simu ndiyo inayowaangusha wengi, na huwaangusha saa ya kwanza. Ukitumia laini ya China au WiFi ya hoteli, WhatsApp, Google na Gmail havifunguki. Ukitumia data ya laini yako ya nyumbani, au eSIM (laini isiyo na kadi) ya kusafiria uliyoinunua kabla ya kuondoka, kwa kawaida vinafunguka, kwa sababu data hiyo inapitia nje ya China. Inunuliwe na kuwekwa ukiwa bado Dar. WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, nayo ifunguliwe wiki kadhaa kabla: akaunti mpya mara nyingi hutaka kuthibitishwa na mtu mwenye akaunti ya siku nyingi, na ukiifungua leo kisha kesho ukaongeza watu 80 mfululizo, mfumo unaweza kukuona tapeli ukakufungia. Ramani ya Google hata ikifunguka haiaminiki kule, tumia Amap, ramani ya Kichina. Jina na anwani ya hoteli uwe navyo kwenye karatasi kwa maandishi ya Kichina, kwa sababu dereva hasomi herufi zetu.

Malipo ya mjini ni ya simu. Alipay, programu ya malipo ya Kichina, inapokea Visa na Mastercard za nje; muamala usiozidi yuan 200 hauna ada, ukizidi hapo hukatwa asilimia 3. Kwa hiyo chakula na treni hazikuumizi, hoteli itakuumiza, na bajeti inapaswa kujua hilo. Pasipoti ithibitishwe ndani ya programu kabla ya safari. Benki iambiwe kwa maandishi kwamba kadi itatumika China tarehe fulani hadi fulani na kiwango cha siku kipandishwe. Halafu kuna zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe: zinakuja kwenye laini ya Tanzania. Kama laini hiyo haijawashiwa huduma ya nje, kadi nzima ni plastiki. Hoteli nyingi pia hushika amana mgeni anapoingia, kwa hiyo mtu aliyepewa posho inayotosha vyumba tu anakwama mapokezi. Fedha taslimu awe nazo kidogo za dharura. Ukiingia China na zaidi ya dola 5,000 taslimu unapaswa kutangaza forodha, na sioni kwa nini mwajiriwa atembee na kiasi hicho.

Posho iingie angalau siku tano za kazi kabla ya kuondoka. Kampuni inayoiingiza usiku wa kuamkia safari inakopa kwa mfanyakazi wake wa chini, bila riba na bila kumuomba.

Hapa niseme jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandika. Vijana wengi hulala pabaya ili posho ibaki, kwa sababu mshahara hautoshi na posho ndiyo iliyopangiwa kodi ya nyumba. Wanakwenda kulala kwa jamaa Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi. Simlaumu mtu, ila sheria ya China inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Hoteli hukufanyia hilo mapokezini. Kwa jamaa unakwenda mwenyewe, na yeye mwenye nyumba awe tayari kuonekana. Kulala hoteli ya Xiaobei ni jambo lingine, nalo lina mantiki hasa kwa Mwislamu, kwa sababu migahawa ya halali iko karibu. Kutoka hapo hadi ukumbini Pazhou ni treni tatu: njia namba 5 hadi Zhujiang New Town, namba 3 hadi Kecun, namba 8 hadi Xingangdong au Pazhou. Asubuhi ya maonesho tenga saa moja nzima na uvae viatu ulivyokwisha kuvizoea.

Ukumbini, siku ya kwanza isiwe ya kununua. Namba ya banda inasomeka hivi: 9.1C23 ni ukumbi wa 9, ghorofa ya 1, safu C, banda 23. Orodha ya mabanda ipangwe kwa kumbi usiku uliotangulia, la sivyo mchana utaisha kwenye ngazi za umeme. Picha zipigwe kwa mpangilio mmoja kila mara: bango lenye namba ya banda, bidhaa, lebo ya nyuma, karatasi ya bei. Ukichanganya, jioni una picha 300 za taa zinazofanana na hujui ipi ni ya nani. Jina la muuzaji kwenye WeChat libadilishwe palepale liwe na namba ya banda.

Maswali yawe ya mtu anayejua kitu. Chukua taa za barabarani za sola, ambazo kampuni nyingi zetu hununua. Wati zilizoandikwa kwenye boksi ni mapambo. Taa ya "wati 300" inaweza kuwa na paneli isiyofika 30. Uliza wati za paneli, aina ya betri na uwezo wake kwa volti na Ah (ampea-saa), idadi ya saa inayowaka kwa mwanga kamili, na uzito wa taa moja. Uzito hauna maneno mengi: betri ndogo ni nyepesi. Kisha uliza ukubwa wa katoni, kwa sababu kontena la futi 20 lina mita za ujazo 33 kwenye karatasi lakini mzigo wa katoni huishia kama 28. Bei ya taa inayoonekana nafuu inaweza kuwa ghali kwa sababu ya boksi lake.

Bei iombwe FOB, yaani hadi mzigo uwe melini, na bandari itajwe. CIF inavutia kwa kuwa bei hiyo ina nauli ya meli na bima ndani yake, lakini bima ya mizigo inayoingia Tanzania inatakiwa ikatwe kwa kampuni za ndani, kwa hiyo utalipia bima mara mbili. Muuzaji aulizwe mapema kama amewahi kufanyiwa ukaguzi wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kabla ya mzigo kusafirishwa na akapata cheti chake. Asiyejua cheti hicho ni nini atajifunzia kwenye kontena lako.

Masharti ya kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya mzigo kutoka, au kwa nakala ya hati ya shehena. Omba leseni ya biashara ya muuzaji yenye namba ya utambulisho ya tarakimu na herufi 18, na linganisha jina lililomo na jina la akaunti ya benki kwenye profoma (ankara ya awali). Akaunti ya mtu binafsi, au ya kampuni nyingine "ya shemeji", ikataliwe. Wiki mbili baadaye ikija barua pepe kusema akaunti imebadilika, Dar wapige simu ya video kwa yule aliyekuwa bandani. Hii ndiyo faida kubwa ya kumtuma mtu: sura yake anaijua.

Sampuli ziwe na karatasi ya bei, hata kama ni za bure, kwa ajili ya forodha ya uwanja wa ndege wa JNIA. Betri ya akiba ya simu isizidi Wh (wati-saa) 100, yaani mAh 27,000 kwa volti 3.7, na ikae kwenye begi la mkononi. Anayeendelea hadi mji wa Yiwu kwa ndege ya ndani ajue kwamba tangu 28 Juni 2025 betri ya akiba isiyo na alama ya usalama ya China, 3C, hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China, na nyingi za Kariakoo hazina alama hiyo.

Mwisho masurufu. Mhasibu wa Dar amezoea risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Guangzhou hakuna EFD. Risiti rasmi ya kodi inaitwa fapiao, na mara nyingi haitolewi usipoiomba. Hotelini iombe wakati wa kutoka, kwa jina la kampuni. Teksi iitwe kwa Didi ndani ya Alipay ili kila safari ibaki na kumbukumbu. Treni ukinunua tiketi mashineni unapewa kidude cha plastiki, na geti la kutokea linakimeza. Piga picha ya skrini ya mashine unapolipa, au lipa kwa simu. Kila usiku dakika kumi za kuandika matumizi kwa yuan, pamoja na kiwango cha kubadilishia kilichooneshwa na benki siku hiyo. Na mhasibu akubali kwa maandishi, kabla ya safari, ni ushahidi gani atakaoupokea kwa nauli na chakula. Akisema hana nafasi ya kuandika hivyo, kijana apeleke barua pepe yake mwenyewe yenye orodha hiyo, nakala kwa bosi, na aitunze.