Mzimu anatafuta mwanaume, mimi natafuta pa kulala

Jamani hivi Wakorea nani aliwaambia mzimu ni kitu cha kuchekea? Sisi tumekua tunajua mzimu ni mzimu, bati likigonga usiku unavuta shuka unasoma ulichofundishwa madrasa mpaka kunakucha, sasa hawa wenzetu wana mzimu mzuri, mchangamfu, tena analia kwa sababu kafa hajaguswa na mwanaume, na nyumba yangu yote inamuonea huruma yeye kuliko mimi ninayelipa kodi.

Sizoni yenyewe inaitwa Oh My Ghost, ya mwaka 2015, wenzetu walishaiangalia wakaisahau lakini kwangu imeingia juzi juzi tu na flashi, vipande 16 na kila kipande saa nzima na zaidi. Kuna binti anaitwa Na Bong-sun, msaidizi wa jikoni kwenye mgahawa, mpole mpaka anakera, kichwa chini muda wote samahani samahani, kumbe bibi yake ni mganga na yeye karithi macho, anaona mizimu, usiku halali, mchana anasinzia kazini anafokewa. Halafu kuna huyo mzimu, Shin Soon-ae, kafa bikira, na kwa imani za kule msichana akifa hajaolewa hatulii, anabaki na kinyongo anazurura. Tena ana muda, miaka mitatu ikipita hajamaliza shida yake anageuka mzimu mbaya. Kwahiyo anaingia kwenye miili ya mabinti za watu anasaka mwanaume, ila kila anayempata anapigwa baridi anazimia. Mwisho anaingia kwa Bong-sun, anakwama humo humo kutoka hawezi, na shefu wa ule mgahawa, Kang Sun-woo, ndo mwanaume pekee mwenye joto la kumhimili. Basi hapo ndo ugomvi wangu unapoanzia.

Mtu jana alikuwa haongei, leo anamshika bosi kifua mbele za watu anamuomba mara moja tu, bosi mara moja tu, na jikoni zima, wanaume wazima na visu mkononi, hakuna hata mmoja anayesema jamani huyu katoka wapi hivi. Mama mkwe wangu kwao Pangani, kipande cha kwanza tu kashasema huyo mtoto kapandwa, atafutwe fundi, pepo aulizwe anataka nini. Na kweli, pepo wa kwetu ana utaratibu, akipanda anajitambulisha, anasema mimi ni fulani, nataka udi, nataka marashi, nataka halua na kanga mpya, mnachanga mnampa yanaisha. Huyu wa Seoul anataka shefu mzima mzima. Mtachanga nini hapo?

Nisiwafiche, mimi hii sizoni naiangalia kwa kukosa pa kwenda. Tunakaa chumba na sebule, mama alikuja mjini kutibiwa macho, analala chumbani na mama Nasra na Nasra mwenyewe, mimi godoro langu natandika sebuleni wakishazima tivii. Macho yamepona zamani, saivi anayatumia kuangalia Wakorea. Na mjue kukaa na mama mkwe chumba kimoja halafu kwenye tivii binti anamng'ang'ania mwanaume avue shati, ile aibu usiombe. Mimi najifanya naangalia simu, mama Nasra anajifanya anachambua mchele, saa tano usiku mchele wa nini sijui. Mama kauliza, "Huyu mwenzetu mbona anambembeleza hivyo bosi wake?" Kimya. Nasra ndo akajibu, "Anaomba likizo bibi." Mama kaangaliaa, kasema, "Mpeni basi mwenzenu, ameomba sana."

Ila kinachoniuma ni yule shefu. Jamaa ana majivuno, anafoka, sahani ikiwa na kosa dogo jikoni hapakaliki, hasemi samahani, na wanawake wa humu ndani wote wawili na nusu wanasema aah, ana roho nzuri yule, ni kwamba tu hajui kuonyesha. Mimi mwezi uliopita nilisema kwa upole kabisa mama Nasra leo chumvi imezidi, nilinuniwa mpaka umeme ulipoisha ndo nikaongeleshwa ili nikanunue. Roho yangu mimi mbona hakuna anayeitafuta ilikojificha? Nimemuuliza mke wangu hilo swali kanijibu, "Baba Nasra, yule anapika."

Halafu tukubaliane kwenye jambo moja. Baadaye Soon-ae anatolewa, Bong-sun mwenyewe kwa akili zake timamu anamrudia anamwambia njoo uingie tena, maana shefu anampenda akiwa na ule uchangamfu. Wanakubaliana kabisa kama watu wanaogawana bajaji moja kwa zamu, leo wewe kesho mimi. Shefu akija kujua anakasirika, eti kadanganywa. Kadanganywa nini? Mwanaume unapendwa na wawili, unalisha mmoja, unanuna! Nilisema hivyo kwa sauti. Nisingesema.

Kuna na polisi, shemeji yake shefu, kamuoa dada yake aliyegongwa na gari sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mpole, anatabasamu, analisha mbwa wa mtaani. Mimi nikasema huyu simuamini, polisi gani anacheka cheka hivyo, wakanizomea. Kumbe ndo yeye aliyemgonga huyo dada, na ndo kamuua Soon-ae, ana pepo mchafu ndani. Mnafikiri kuna aliyenipongeza? Nimeambiwa nimeharibu utamu. Na yule mganga anayemkimbiza mzimu barabarani ndo yule mama aliyekuja kuwa mfanyakazi wa ndani kwenye Parasite iliyobeba Oscar 2020, hilo nalo nililisema, nikaambiwa nyamaza baba tunasoma maandishi.

Imeisha wiki hii wamelia wote, mama kalia na leso, nikasema alhamdulillah godoro langu leo linashuka mapema. Nasra kachomoa flashi kachomeka nyingine. Hotel del Luna, ya 2019, hoteli ya mizimu katikati ya Seoul, inapokea marehemu wenye vinyongo wanapumzika kabla ya kuvuka, na vipande ni 16 vile vile. Mama kasema basi akishamaliza hii ndo ataangalia na basi la Tanga. Sasa mwenye hoteli, Jang Man-wol, mwanamke mrembo wa kubadilisha magauni kila dakika, amefungwa pale zaidi ya miaka 1,000, wanamshawishi aondoke hataki.

Mama anasema huyo anamuelewa kabisa.