Dawa ya lehemu na msimu wa ulanzi

Mvua zikishakolea huku Iringa, mianzi inagemwa na ulanzi unashuka bei, na dawa za watu wengi zinapewa likizo. Baba mdogo wangu wa Mafinga ni mmoja wao. Anatumia atorvastatin kwa ajili ya lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu. Tarehe ya kurudi kliniki ilishapita, lakini pakiti yake bado ilikuwa na vidonge vya kutosha. Nilipomuuliza akanijibu bila wasiwasi: "Mwanangu, nilikatazwa kuchanganya na pombe. Siku ya ulanzi sigusi kidonge."

Kaambiwa wasichanganyike, akaona cha kuondoa ni kidonge. Mimi simlaumu. Mtu anayekabidhiwa dawa dirishani kwa sentensi moja ya haraka, na foleni nyuma yake, ataielewa kwa namna inayomfaa.

Ila hesabu yake haina faida. Dawa za jamii ya statini, atorvastatin ikiwemo, hufanya kazi kwenye ini: zinazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Faida yake, yaani kupunguza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, inatokana na kumeza kila siku kwa miaka. Nguvu ya atorvastatin hukaa mwilini karibu siku nzima au zaidi, kwa hiyo ukiiruka leo jioni, ile ya jana bado ipo ulanzi unapoingia. Ini halijapumzika. Ulichofanya ni kuiachia lehemu ianze kupanda tena.

Na hofu kwamba statini inaua ini imekuzwa mno. Madhara makubwa kwenye ini ni nadra, ndiyo maana mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliacha kupendekeza vipimo vya ini vya mara kwa mara kwa kila anayeitumia. Mwenye ugonjwa mkali wa ini, macho ya njano au tumbo kujaa maji, huyo habari yake ni tofauti na aongee na daktari.

Halafu kuna kundi la pili, nalo ndilo linalonikera zaidi: wanaomeza kila siku bila kukosa, kisha wanaagiza mkangafu, ule ulanzi mkali uliochacha, na kitimoto kana kwamba kidonge kimeshalipa bili. Statini kazi yake kubwa ni kushusha LDL, ile lehemu mbaya. Pombe nyingi hupandisha hasa mafuta mengine, trigliseridi, ambayo ini huyatengeneza kwa wingi likilemewa na kilevi. Hayo statini huyapunguza kiasi tu. Kawaida yawe chini ya 1.7 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Yakikaribia 11 na kuendelea, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na maumivu yake humlaza mtu wodini. Kwa mnywaji, dawa kubwa ya trigliseridi ni kupunguza pombe au kuiacha, na matokeo huonekana ndani ya wiki chache. (Mtogwa, ule ulanzi mbichi mtamu, nao usiuone maji. Sukari nyingi hupandisha mafuta hayohayo.)

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama ulanzi umekushinda kuacha, basi angalau kidonge usikiache, na daktari mwambie ukweli. Nao watoa dawa wabadilishe swali. "Unatumia pombe?" huku kwetu hujibiwa "kidogo tu", hata na mtu aliyemaliza jagi. Waulize ni lita ngapi na siku ngapi kwa wiki, kisha waseme wazi kwamba kinachotakiwa kupungua ni pombe.

Na ukienda kupima mafuta Jumatatu asubuhi baada ya sherehe ya Jumapili, mwambie mpimaji, maana pombe ya jana inaweza kupandisha trigliseridi. Na kama unatumia statini, misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.