Nane kwa Nane

Mwaka mmoja, wakati wa mavuno ya karafuu, Maalim, msimamizi wa mitambo katika ofisi yetu ndogo ya Mji Mkongwe, alipanda boti kwenda kwao Wete na kuondoka na nenosiri la usimamizi kichwani mwake. Mimi niliachiwa kifurushi cha programu ya Debian, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta wa jamii ya Linux, chenye majaribio manane ya kiotomatiki, pamoja na agizo kwamba asirudi ila ayakute yamekwisha.

Kwanza nilijaribu njia ya mkato. Niliandika amri ya sudo, ile ya kuomba haki za msimamizi, nayo kompyuta ya ofisi ikanijibu kwamba simo katika orodha ya wanaoruhusiwa na kwamba tukio hilo litaripotiwa. Litaripotiwa kwa nani, haikusema. Nikadhani nimekosea herufi, nikarudia mara 11.

Ndipo nilipoiendesha autopkgtest, programu ya kufanya majaribio hayo, kwa jina langu mwenyewe, bila haki yoyote. Kwa kawaida hueleza kilichotokea katika kila jaribio, lakini kwa kuwa maandishi mengi hunitia kizunguzungu, nilikuwa nimeandika skripti ya kuyaficha yote na kubakisha ile namba moja tu ambayo programu huiacha inapomaliza kazi. Kazi ilikwisha kabla kahawa yangu haijapoa, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili timamu, na kwenye skrini ikabaki namba 8. Majaribio manane, jibu nane! Nilitoka mbio hadi Darajani, nikarudi na urojo wa ofisi nzima kwa fedha zangu, na bajia za ziada kwa mhasibu ambaye hajapata kunisifu.

Maalim alirudi siku ya pili.

“Imetoka namba gani?”

“Nane, Maalim. Nane kwa nane.”

“Sifuri haikutoka?”

“Hata moja.”

Akavua miwani. “Mwanangu, sifuri ndiyo ya kufaulu. Hiyo nane maana yake hakuna jaribio lililofanyika.”

Kumbe yote manane yalikuwa yameandikiwa sharti la needs-root, na programu, ilipoona sina haki za msimamizi, iliyaruka moja baada ya jingine kama mtu arukavyo madimbwi ya masika. Uchungu zaidi ni kwamba nenosiri lake halikuhitajika kabisa. Alinionyesha kuyaendesha kwa njia iitwayo unshare, ambako Linux humtengea mtumiaji wa kawaida chumba chake: humo ndani yeye ndiye msimamizi mwenye namba 0, na nje ya mlango anabaki kuwa yeye yule. Nilikipenda cheo hicho, maana nyumbani kwangu hata ndani sina.

Safari hii majaribio yalichukua nusu saa. Matano yalifaulu, matatu yakaanguka, ikatoka namba 4, ishara kwamba kuna lililoanguka, ambayo sikuisherehekea.

Kisha Maalim akafungua sanduku la barua la msimamizi, akanyamaza kidogo, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na moja, mhasibu akauliza kama leo nitakwenda tena Darajani.