Ndakaini Ipigwe Picha Hata Maji Yakipungua

Kila masika yakikolea, picha za bwawa la Ndakaini humiminika mitandaoni: maji tele, vilima vya chai, na mtu aliyeipa kamera mgongo huku amenyoosha mikono. Ni picha nzuri, nami nazipenda. Ila zimekuwa za aina moja mno, hadi zinatudanganya sisi tunaokunywa maji yale.

Ndakaini iko Gatanga, kaunti ya Murang'a, chini kidogo ya misitu ya Aberdare. Bwawa lilikamilika mwaka 1994. Ukuta wake una kimo cha mita 65, na likijaa hubeba maji ya mita za ujazo milioni 70 hivi, yanayoletwa na mto Thika na vijito vya Githika na Kayuyu. Kutoka hapo maji hupita mahandakini, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka Nairobi. Sehemu kubwa ya maji ya jiji chanzo chake ni huku. Nashangaa kwamba mtu anaweza kukulia Kayole au Lang'ata, akasoma, akaoa, na asiwahi kuliona bwawa hili, ilhali Mombasa amekwenda mara chungu nzima.

Wageni wengi huishia ukutani. Hupiga picha, hula walichobeba, hurudi. Utamu wa Ndakaini uko kwenye kuzunguka. Barabara ya udongo hukupeleka kando ya maji, ikapanda kwenye mashamba ya chai, ikashuka tena kwenye kijito, na kila kona bwawa huonekana kwa sura nyingine kwa sababu maji yameingia kwenye mabonde kama vidole. Ndege aitwaye mnandi hukausha mabawa juu ya kigogo. Asubuhi ukungu hulala juu ya maji, na jua likipenya ndipo kamera hupata kazi. Saa sita mchana kila kitu huwa cheupe, heri ukae kibandani unywe chai. Kati ya Juni na Agosti baridi ya huko si ya mchezo, na njia zikilowa hata mwenye viatu vizuri huteleza. Usiogelee. Ukutani na kwenye mitambo, muulize askari kabla ya kuinua kamera, na droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Ndege.

Sasa kile ninachokitetea. Mwaka 2017 bwawa lilipungua vibaya na Nairobi ikaingia kwenye mgao wa maji. Kingo zilibaki wazi, udongo mwekundu juu, maji yamejikunyata chini. Huo ndio wakati wa kwenda na kamera, na ndio wakati wengi huahirisha safari eti hakuna cha kuona. Mwaka uliofuata mvua ilinyesha jijini mpaka barabara zikafurika, na watu wakauliza kwa hasira mbona mgao unaendelea. Jibu lilikuwa mlimani: mvua ya Nairobi haiijazi Ndakaini, inayoijaza ni ile inayonyesha Aberdare. Picha mbili za kona moja, ya bwawa likiwa limejaa na ya likiwa limepungua, zingemweleza mtu hayo haraka kuliko taarifa yoyote ya kampuni ya maji.

Kuna pia wasiotokea pichani. Familia zilihamishwa bonde lilipofanywa bwawa, na kwa miaka mingi wakazi wa kandokando wamelalamika kwamba maji yanapita mlangoni mwao yakienda kwa wengine. Aliyekuwa gavana wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alifikia kudai asilimia 25 ya mapato ya maji hayo. Handaki la kilomita 11.8 la kuongeza maji kutoka mito ya Maragua, Gikigie na Irati nalo lilizua ubishi mkali kabla halijakamilika. Unaweza kuwa upande wowote wa mabishano hayo, lakini kumpiga picha mchuma chai kama pambo la mandhari, bila hata salamu, ni ukosefu wa adabu. Msalimu, omba ruhusa, na akikataa, basi.

Wapo wanaotaka Ndakaini ijengewe hoteli na kuletewa boti za starehe. Mimi napinga. Maji ya kunywa ya mamilioni ya watu hayahitaji mafuta ya injini wala muziki wa Jumapili. Ijengewe njia ya miguu yenye vibao, vyoo safi, na sehemu chache za kutazamia, na vijana wa Gatanga walipwe kuwaongoza wageni. Mbio za nusu marathoni zilizoanza pale mwaka 2004 zilikuwa na lengo la kuhifadhi mazingira ya bwawa, kwa hiyo si jambo geni kwa wenyeji kwamba mgeni anaweza kuja kwa miguu na akaacha faida.

Usafiri si tabu. Fika Thika mapema, ulizia matatu za kwenda Gatura, na ubebe koti la mvua hata kama Nairobi umeiacha na jua kali.